Sufuria hununuliwa mara moja, kuni kila siku: Jinsi ya kuchagua na kutumia vyombo vya jikoni Kitui na Makueni

MKAZI wa Kitui au Makueni anapoingia dukani kununua chombo cha jikoni, swali la kwanza analouliza ni bei. Ni swali la haki, lakini halitoshi. Sufuria hununuliwa mara moja ikatumika kwa miaka mingi, ilhali kuni, makaa, gesi au umeme wa kuipikia hutafutwa kila siku. Chombo cha bei nafuu kinachokula kuni huishia kuwa ghali kuliko kile kilichoonekana ghali siku ya kununuliwa.

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Katika makala haya tunafungua daftari la jikoni na kueleza chombo kipi kinunuliwe kwanza, kipi kisubiri, na kila kimoja kitumiwe vipi ili kipunguze saa za moto.

Suala hili lina uzito wa kipekee Ukambani kwa sababu ya vyakula vyenyewe. Chakula cha siku nyingi ni isyo, ule mchanganyiko wa mahindi na maharagwe ambao kwingineko nchini huitwa githeri. Kuna pia muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa yakapikwa pamoja na maharagwe, kunde au mbaazi. Mbaazi, ambazo Wakamba huziita nzuu, pamoja na ndengu, hustahimili ukame na hivyo hupatikana hata msimu ambao mahindi yamekauka shambani. Ugali huiva kwa muda mfupi. Isyo ya mahindi makavu huweza kukaa motoni saa tatu au zaidi.

Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019, Kaunti ya Kitui ilikuwa na watu 1,136,187 na Makueni watu 987,653. Sensa hiyo hiyo ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya familia nchini Kenya, yaani asilimia 55.1, zilitegemea kuni kama nishati kuu ya kupikia. Katika maeneo makavu kuni hazioti haraka. Uhaba wa miti ndio uliomfanya aliyekuwa Gavana wa Kitui, Bi Charity Ngilu, kupiga marufuku biashara ya makaa katika kaunti hiyo mapema mwaka 2018.

Gharama nyingine hailipwi kwa pesa. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kwamba moshi wa nishati chafu za nyumbani ulisababisha vifo vya watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Wanaovuta moshi huo kwa wingi ni akina mama na watoto wanaoketi karibu na mafiga. Kila saa moja inayopunguzwa motoni ni saa moja ya moshi inayoondolewa kifuani.

Kazi huanza kabla ya moto

Chombo cha kwanza cha kuokoa kuni hakiuzwi katika duka la vifaa vya umeme. Ni beseni yenye kifuniko ya kulowekea. Maharagwe au mahindi makavu yaliyolowekwa usiku kucha, kwa saa nane hadi kumi na mbili, huwa yamekwisha kufyonza maji na huiva kwa muda mfupi zaidi kuliko yale yanayotiwa sufuriani yakiwa makavu. Maji yaliyolowekea yasimwagwe ovyo mahali ambapo maji hubebwa kutoka mbali. Yanaweza kunyunyiziwa mboga.

Umri wa maharagwe nao una maana. Maharagwe yaliyokaa ghalani muda mrefu katika joto na unyevu hugeuka magumu, hata yakapikwa siku nzima yasilainike vizuri. Mnunuzi anayepima kwa gorogoro sokoni aulize kama ni mavuno ya msimu huu au ya mwaka uliopita. Nafuu ya shilingi chache katika maharagwe ya zamani humalizwa na kuni.

Jambo la tatu ni maji. Visima vingi vilivyochimbwa katika kaunti hizi mbili, hasa mashariki mwa Kitui, hutoa maji ya chumvi na madini mengi. Madini ya kalisi na magnesi yaliyomo hukaza ganda la maharagwe na kuchelewesha kuiva. Ikiwa nyumba ina tangi la maji ya mvua, ni busara kutenga kiasi kidogo kwa ajili ya kulowekea na kupikia mikunde, na maji ya kisima yatumiwe kwa kazi nyingine. Wapo wanaotia magadi ili kulainisha. Magadi hulainisha kweli, lakini huharibu vitamini B1 iliyomo katika mikunde. Wanaoyatumia wasizidishe.

Ungo, chupa na kinu

Ipo sababu nyingine ya kuanzia kwenye maandalizi, nayo ni ya kufa na kupona. Kati ya Januari na Julai mwaka 2004, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki kutokana na sumukuvu ya aflatoksini iliyokuwa katika mahindi. Wilaya zilizoathirika zaidi zilikuwa Makueni na Kitui. Mahindi mengi yaliyosababisha maafa hayo hayakutoka mbali: yalikuwa yamevunwa na familia zenyewe, yakahifadhiwa yakiwa na unyevu, ukungu ukamea. Uchunguzi wa mahindi na unga katika masoko ya eneo hilo wakati huo ulionyesha kwamba asilimia 55 ya sampuli zilikuwa na sumu iliyopita kiwango kilichoruhusiwa.

Ni lazima ieleweke wazi kwamba hakuna sufuria, jiko wala chombo cha umeme kinachoweza kutegemewa kuua sumu hiyo. Aflatoksini huhimili joto la kawaida la kupikia. Mahindi yenye ukungu yakichemshwa saa tano bado yana sumu. Kwa hiyo vyombo vinavyolinda familia ni vile vya kabla ya moto: turubai la kuanikia ili mahindi yasiguse udongo, ungo wa kupepeta na kuchagulia, na gunia au pipa la kuhifadhia.

Unyevu wa mahindi unaweza kupimwa kwa chupa ya kioo na chumvi. Chukua chupa iliyo kavu kabisa, tia mahindi kiasi cha robo, ongeza chumvi kavu vijiko vichache, funga, kisha tikisa kwa dakika kadhaa na uache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu mwingi na hayafai kuhifadhiwa. Chumvi ikianguka chini bila kuganda, yamekauka kiasi cha kutosha kutiwa ghalani. Jaribio hili huonyesha unyevu tu. Halionyeshi sumu iliyokwisha kuingia.

Wakati wa kuchagua katika ungo, punje zilizopasuka, zilizotobolewa na wadudu, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zitupwe. Wasipewe kuku wala ng'ombe. Ng'ombe akila sumu hiyo, sehemu yake hutokea katika maziwa.

Kinu na mchi vina nafasi yao hapa. Mahindi yanapokobolewa kutengeneza muthokoi, ganda la nje huondolewa, na kwa kuwa sumu huwa nyingi zaidi katika sehemu za nje za punje, sehemu yake huondoka pamoja na pumba. Watafiti wa Kenya waliochunguza utengenezaji wa muthokoi wamethibitisha upungufu huo. Hata hivyo, kupunguza si kumaliza. Kukoboa hakuyafanyi mahindi mabovu kuwa salama, na pumba zilizotoka katika mahindi mabovu ndizo zenye sumu zaidi. Faida nyingine ya kukoboa ni kwamba muthokoi huiva upesi kuliko mahindi yenye ganda.

Anayenunua kinu achague kilichochongwa kwa gogo moja la mti mgumu uliokauka, kisicho na ufa ndani, maana ufa huhifadhi unga mkongwe na ukungu. Baada ya kazi kisafishwe, kikaushwe juani na kulazwa ubavu. Wanaopeleka mahindi kwenye mashine ya kukoboa wafuate kanuni ile ile: mahindi yachaguliwe nyumbani kwanza, kwa kuwa mashine haichagui.

Sufuria na kifuniko chake

Sufuria ya kupikia isyo inafaa iwe na kitako bapa, iwe nzito kiasi cha kutopinda kwa moto, na iwe na kifuniko kinachokaa vyema. Sufuria nyembamba ya kitako kilichojipinda huunguza chakula upande mmoja na kuacha upande mwingine ukiwa mbichi. Wengi hununua sufuria bila kifuniko ili kuokoa pesa, kisha hufunika kwa sinia au kwa nailoni. Sinia inafaa kuliko kuacha wazi. Nailoni haifai kabisa, kwani joto huiyeyusha karibu na chakula.

Kuna kanuni moja ya sayansi ambayo ingeokoa mizigo mingi ya kuni kama ingezingatiwa. Maji yakishaanza kuchemka, joto lake haliongezeki tena, hata moto uchochewe namna gani. Moto wa ziada huyageuza kuwa mvuke tu. Kwa hiyo, sufuria ikishachemka, ondoa kuni moja au mbili, funika, na uache itokote polepole. Chakula kitaiva kwa muda ule ule, na maji ya kuongezea yatapungua.

Ukubwa nao uzingatiwe. Sufuria kubwa mno kwa familia ya watu wanne hupoteza joto. Ndogo mno humlazimu mpishi kupika mara mbili.

Jiko lipi?

Mafiga matatu hayana gharama, lakini joto jingi hupotea pembeni. Asiye na uwezo wa kununua jiko anaweza kuyaboresha: ayakinge upepo, apasue kuni ziwe nyembamba, azikaushe vizuri kabla ya kuzitumia, na asizijaze zikazuia hewa. Kuni mbichi hutumia sehemu ya moto wake kukausha maji yaliyomo ndani yake, na moshi ndio matokeo.

Jiko la kuni lenye ukuta wa udongo uliochomwa ni hatua ya pili. Majiko ya aina hii yalisambazwa miaka ya 1980 na chama cha Maendeleo ya Wanawake kwa ushirikiano na shirika la Ujerumani la GTZ, na bado hutengenezwa kwa majina mbalimbali. Likijengewa vizuri katika jiko lenye dirisha, hutumia kuni chache na kutoa moshi haba kuliko mafiga.

Kwa wanaotumia makaa, jiko la kauri lenye umbo la kiuno chembamba ndilo linalofahamika zaidi. Lilibuniwa hapa Kenya mapema miaka ya 1980 kwa kufuata mfano wa jiko la ndoo la Thailand. Bati la nje hushika umbo, na kauri ya ndani huzuia joto lisitoroke. Likilinganishwa na jiko la bati tupu, huokoa takriban theluthi moja ya makaa. Mnunuzi akague kama kauri imeshikana na bati pasipo kucheza, kama haina nyufa, na kama mlango wa hewa unafunguka na kufungika. Makaa yasizimwe kwa kumwagiwa maji ndani ya jiko, kwani kauri yenye moto hupasuka.

Onyo moja lisisahaulike: jiko la makaa lisiachwe likiwaka ndani ya chumba kilichofungwa, hasa usiku wa baridi ya Juni na Julai. Hewa ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na huua watu wakiwa usingizini.

Gesi ni safi na ya haraka, ila kupika maharagwe saa tatu kwa mtungi wa kilo sita ni kumaliza mtungi kabla ya mwisho wa mwezi. Gesi inafaa zaidi kwa chai, mboga na ugali, au kuanzisha chakula kitakachomaliziwa katika kikapu, kama tunavyoeleza hapa chini. Kila mtungi unapobadilishwa, paka povu la sabuni kwenye kiungio. Povu likitoa mapovu mapya, gesi inavuja. Kamwe usitafute uvujaji kwa kiberiti.

Kikapu kinachopika bila moto

Kifaa chenye faida kubwa kwa gharama ndogo ni kikapu cha kuhifadhi joto. Kiondo kikubwa cha mkonge, ambacho Ukambani hakihitaji kutafutwa mbali, huwekewa ndani tabaka nene la blanketi kuukuu, vipande vya sponji au pamba, pamoja na mto wa kufunika juu. Sufuria iliyochemka hutumbukizwa humo ikiwa na kifuniko chake, na chakula huendelea kuiva kwa joto lake lenyewe.

Maharagwe yaliyolowekwa yachemshwe kwa nguvu dakika 20 hivi, yafunikwe, na kuingizwa upesi katika kikapu kwa saa tatu au nne bila kufunuliwa. Yasipolainika, yarudishwe motoni yachemke tena na kurejeshwa. Sharti moja ni la usalama: maharagwe mekundu yana sumu ya asili ambayo huharibiwa tu kwa kuchemshwa kikamilifu angalau dakika kumi. Yasiwekwe katika kikapu yakiwa na uvuguvugu tu. Aidha, chakula kisilale humo hadi asubuhi, kwa kuwa joto likishuka vijidudu huzaana. Kichemshwe tena kabla ya kuliwa.

Sufuria ya presha

Mfaransa Denis Papin ndiye aliyeionyesha sufuria ya presha jijini London mwaka 1679. Siri yake ni kuzuia mvuke. Mji wa Kitui uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na kwa sababu hiyo maji huchemka huko kwenye digrii 96 hivi badala ya 100. Katika milima ya Mbooni na Kilungu huchemka kwa joto la chini zaidi. Ndani ya sufuria ya presha iliyofungwa, joto hupanda hadi karibu digrii 120, na maharagwe yaliyolowekwa huiva kwa chini ya saa moja.

Kabla ya kununua, angalia mambo manne: alama ya ubora ya KEBS, mpira wa kifuniko usio na ufa, vali ya mvuke na ile ya usalama, na kama mpira wa akiba unapatikana mjini kwako. Sufuria isiyopata mpira huwa sufuria ya kawaida iliyonunuliwa kwa bei kubwa. Ujazo wa lita sita au saba hutosha familia ya watu sita.

Katika matumizi, mikunde isipite nusu ya sufuria, kwa sababu povu na maganda huziba tundu la mvuke. Likifunguka tundu hilo na kuanza kulia, punguza moto. Usilazimishe kifuniko kufunguka kabla presha haijashuka yenyewe. Wengi wameungua uso kwa haraka hiyo. Ikumbukwe pia kwamba mishikio ya plastiki huungua kwenye moto wa kuni. Anayepikia mafiga pekee afikirie kikapu kwanza.

Vyombo vya umeme

Stima imefika vijiji vingi, na vyombo vya umeme vimefuata. Anayevinunua asome namba ya wati iliyoandikwa chini ya chombo. Zidisha wati kwa saa za matumizi, gawanya kwa 1,000, nawe utapata uniti zitakazotoka katika tokeni. Birika la wati 2,000 likichemsha maji kwa dakika sita hula uniti 0.2. Jiko la sahani la wati 1,500 likiwaka bila kukoma kwa saa tatu hula uniti 4.5. Sufuria ya presha ya umeme ya wati 1,000 hujizima na kujiwasha yenyewe presha ikishafika, hivyo hupika maharagwe kwa chini ya uniti moja. Hivyo basi, chombo chenye wati nyingi si lazima kiwe mlafi. La msingi ni muda kinaowaka.

Koili ya kutumbukiza ndani ya maji ni rahisi kwa bei lakini hatari. Isiguswe wala maji yasijaribiwe kwa kidole kabla haijachomolewa. Vyombo viwili vikubwa visichomekwe katika waya mmoja wa nyongeza, kwani soketi ya kawaida ya ampea 13 haifai kubeba zaidi ya wati 3,000 hivi. Na mtu asidanganyike kuwa mtambo mdogo wa sola wa taa na simu utaendesha birika. Hauna nguvu hizo.

Maji ya chumvi yaliyotajwa awali huharibu birika. Hufanya ukoko mweupe ndani, na ukoko huo huchelewesha joto na kula tokeni. Mimina maji ya ndimu au siki iliyochanganywa na maji, chemsha, acha yatulie nusu saa, kisha suuza. Ifanyike kila mwezi panapotumika maji ya kisima.

Mpangilio wa kununua

Kwa familia inayoanza na fedha chache, mpangilio wa busara ni huu. Kwanza, turubai, ungo na mahali pakavu pa kuhifadhia mahindi, kwa maana uhai hautangulizwi na chochote. Pili, beseni ya kulowekea na sufuria nzito yenye kifuniko. Tatu, jiko lenye kauri au ukuta wa udongo. Nne, kikapu cha kuhifadhi joto, ambacho huweza kushonwa nyumbani. Tano, sufuria ya presha, kwa mwenye makaa, gesi au umeme. Birika, blenda na vinginevyo vifuate baadaye.

Kabla ya kutoa pesa, mnunuzi ajiulize ni chakula gani hupikwa mara nyingi zaidi nyumbani mwake, na chombo hicho kitampunguzia saa ngapi za moto kwa wiki. Kama jibu ni saa nyingi, bei yake itarudi. Kama hakuna hata saa moja, basi ni pambo la rafu, na pesa hizo zingenunua gorogoro kadhaa za ndengu.